Siti Hapandi Chongo

Gari la Shaame Ngwali lilikuwa baya. Nalisema mapema, asije akatokea mtu wa kijiji chetu cha Pujini akadai mapenzi yamenifumba macho. Lilikuwa Landrova la Mwingereza mmoja aliyekuja kupima udongo wetu. Akaupima, akatwambia ni udongo, akenda zake kwao. Gari akaliuza kwa Shaame, na watu wakamhurumia Shaame.

Uso wake ulikuwa bapa, kama aliyepigwa sufuria na mkewe. Taa zilikaa ndani, karibu karibu, nyuma ya wavu wa chuma, mfano wa macho ya mtu anayechungulia dirishani ajue mgeni gani anapiga hodi. Taa moja ilikwisha toboka tangu enzi za mpima udongo, ndipo tukaliita Chongo. Mlango wa kulia ulikuwa wa bati. Wa kushoto ulikuwa ubao wa mfenesi wenye komeo la jikoni. Turubai la juu lilipooza, Shaame hakwenda kutafuta jengine. Alipanda juu na fito na kamba, akaliezeka makuti. Mvua ikinyesha, Chongo alinuka kama nyumba ya mtu, na kuku wa jirani walimwamini hata wakawa wanataga chini ya kiti.

Tulimpenda kupita kiasi, na nimekaa sana nikijiuliza kwa nini. Gari zuri hukufanya ujitazame nguo. Unafuta miguu kabla ya kupanda, unashusha sauti, unaona haya kwa kapu lako la pweza. Chongo hakumtia mtu haya. Uje na tope mpaka magotini, uje na jipu shingoni, ukishaketi ndani yake wewe ndiye mzuri kuliko vyote vilivyomo. Na katika masika, mabasi ya Chake yenye maua ubavuni yalipolala kwenye bonde la mpunga kama nyati, Chongo alipita kando yao akikohoa, amebeba mgonjwa, mbuzi wawili na ngoma ya harusi, na Shaame akiwasabahi madereva wenzake kwa adabu iliyozidi tusi.

Pujini nzima ilimpanda, isipokuwa mtu mmoja: Siti, mkewe Shaame.

Siti alikuwa mwanamke wa udi na kanga zilizopigwa pasi. Alikwenda mjini Chake kwa miguu, mwavuli mkononi, na Chongo akimfuata nyuma pole pole, Shaame katoa kichwa nje.

"Siti, panda bwana. Watu wanatutazama."

"Wanalitazama hilo lako. Mie watanitazama nikipanda."

"Lina ubaya gani?"

"Weye huna macho? Basi mmefanana."

Hayo yaliwafaa. Wapo waume na wake wanaozungumza habari za mchele. Wao walizungumza habari za Chongo, na walikuwa hawajachoka. Tena mito ya viti, ya usufi, yenye ushonaji wa mkono, nani aliishona? Siti. Alisema ameishonea migongo ya watu, si gari. Shaame aliamini kwamba ipo siku atapanda. Hakuwa na tamaa nyengine duniani iliyojulikana na watu. Aliwaambia abiria, akamwambia imamu, nadhani hata Mola alikuwa anaisikia kila baada ya sala.

Kisha zikaja siasa. Nyie mliozaliwa baadaye mnaambiwa tulikuwa tunadai uhuru, na ni kweli, lakini huku kwetu kabla ya uhuru tulianza kunyimana moto wa kuwashia jiko. Wa chama hichi hanunui chumvi kwa wa chama kile. Hamwalikani harusini, hamzikani. Hata gari zilipewa vyama. Lori la Mbarouk, jirani yao Shaame, jipya, jekundu, la kupakia karafuu, zuri mpaka linakera, likawa la upande wa pili, na ndugu zake Siti wakaapa kutoliwekea mguu. Chongo peke yake alikosa chama. Shaame aliwapeleka hawa mkutanoni Jumamosi na wale Jumapili, kwa hiyo pande zote mbili zikamtilia shaka, ila zikaendelea kupanda, maana tope halina chama.

Masika ya mwaka ule wa uchaguzi, Siti alimtazama Chongo kwa muda mrefu, akasema, "Mtie jicho la pili, nitapanda. Sitaki kupelekwa mjini na chongo."

Shaame alimwapisha. Siti akaapa, huku anacheka.

Mtu mwengine angeudhika. Shaame akawa kama kijana aliyekubaliwa posa. Aliagiza taa Unguja kwa baharia mmoja, akangoja, na kila meli iliyotia nanga Wesha yeye alikuwa gatini. Ilipofika haikuwa taa ya Landrova. Ilikuwa ya lori kubwa, pana kama sinia. Lakini ilikuwa jicho.

Angeweza kuitia kapuni akarudi nayo nyumbani. Hapa ndipo ninapotaka kumshika bega Shaame yule, hata leo, nimgeuze. Ila alitaka Siti alione likiwa limewaka. Akapita Tibirinzi kwa fundi Khatib, wakakata wavu, wakapinda bati, wakabishana, wakanywa kahawa, wakaanza tena. Chongo akatoka pale na jicho moja la mtoto na moja la jini. Khatib alicheka mpaka akakaa chini. "Bwana Shaame, ulikuwa na gari baya. Sasa una gari baya linaloona."

Asubuhi ile ile, Pujini, tumbo lilimkamata Siti. Lilimkamata kwa nguvu, akaanguka uani. Bi Moza, jirani wa upande wa mashariki, alimwinua akamlaza barazani. Rangi ilimtoka. Kila mtu aliuliza swali moja: Chongo yuko wapi? Yule aliyepeleka spitali kila tumbo la kijiji kile, siku hiyo alikuwa Tibirinzi anatiwa jicho.

Lori la Mbarouk likapita. Mbarouk alisimama, akashuka, na haya nasema kwa sababu watu walimsingizia baadaye. Alisimama.

"Mleteni, nimpeleke Chake."

Nyuma ya lori wenzake wa chama wakanung'unika. Bi Moza naye akatia mikono kiunoni. "Hatupandi gari la kina nyie. Siku ile ya msiba wa kaka yangu mlikuwa wapi?"

"Bi Moza, mtu anaumwa."

"Kwani anaumwa leo? Sie tunaumwa na nyinyi tangu mwaka jana!"

Maneno mazuri sana. Yalipigiwa vigelegele. Nadhani hata katika mikutano mikubwa hayakusemwa mazuri kama yale. Siti alinyanyua mkono, wakanyamaza.

"Mbarouk, ahsante. Nenda." Akapumua. "Miaka yote nalikataa lake, leo nipande la mtu mwengine? Nitamwambia nini? Namngoja Shaame. Leo napanda."

Na alitabasamu. Kwa ajili ya tabasamu lile walidhani maumivu yamepungua. Mbarouk alingoja kidogo, akapanda lori lake, akaenda.

Shaame alifika mchana jua kali, taa zote mbili zinawaka, anapiga honi tangu mwanzo wa minazi. Tulimsikia akicheka peke yake. Aliruka chini, akafungua ule mlango wa mfenesi, akaushikilia wazi.

"Siti! Toka umwone! Huna pa kukimbilia leo!"

Bi Moza ndiye aliyetoka. Kanga alikuwa ameiuma kwa meno.

Shaame aliendelea kuushikilia mlango.

Usiku kucha mvua ilinyesha. Asubuhi tulikwenda kumzika Siti, na kwetu jeneza huchukuliwa mabegani. Watu huligombania, huyu anaingiza bega, yule anatoa, linakwenda kama linaelea, kila mmoja apate thawabu yake. Siku hiyo halikugombaniwa. Upande mmoja haukuja kwa sababu Shaame aliwabeba wale. Upande wa pili haukuja kwa sababu aliwabeba hawa. Mabega yenye nguvu yalikuwa majumbani yanalinda vyama. Tulikuwa wazee, ndugu zake Siti wawili, na vikohozi. Makaburi ya wazee wake yako ng'ambo ya bonde la mpunga. Tulipofika bondeni tope likatufika magotini, mzee mmoja akaanguka, na jeneza likayumba vibaya mno.

Shaame akasema, "Wekeni chini." Akarudi mbio nyumbani. Akaja na Chongo.

Imamu, Mwalim Jecha, akakunja uso. "Shaame, maiti huchukuliwa na watu."

"Watu wako wapi, Mwalim?"

Mwalim Jecha alitazama nyuma, njia yote tuliyokuja. Hakukuwa na mtu. Kisha tukamwona mmoja, anakuja kwa haraka kandokando ya mpunga, kanzu kaikunja. Alikuwa Mbarouk. Hakumwamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja akashika mguu wa jeneza, na tukalipandisha nyuma ya Chongo, juu ya ile mito aliyoishona mwenyewe.

"Aliapa atapanda," Shaame alimwambia Mwalim Jecha, kama mtu anayejitetea barazani kwa kadhi.

Alivuka bonde pole pole, hata mtoto angemtangulia. Sisi tulitembea nyuma na tope letu, Mbarouk kaning'inia ubavuni, mkono juu ya jeneza lisitikisike. Taa zilikuwa bado zinawaka. Shaame alisahau kuzizima, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Mbele yetu maji ya mpunga yaling'ara miviringo miwili, mmoja mdogo, mmoja mkubwa. Ninaapa, kwa mara ya kwanza sikuona ubaya wake ulipo.

Baada ya arubaini, Bi Moza alisimama njiani akielekea Chake. Kwa siku nyingi alikuwa akipita shambani ili asikutane na Shaame. Siku hiyo miguu ilikuwa imemvimba. Chongo akasimama. Shaame alifungua komeo la jikoni, Bi Moza akapanda, wakaenda mpaka bondeni.

Hapo Shaame akazima gari.

"Bi Moza, alisemaje? Yale ya mwisho."

"Shaame, mwanangu, mie ndo niliyemzuia. Mie na mdomo wangu."

"Sikuulizi hayo. Alisemaje?"

Bi Moza akamwambia. Namngoja Shaame. Leo napanda.

"Alikuwa kakasirika?"

"Hata. Alicheka."

"Alicheka kwa sauti?"

"Kidogo. Kwa meno tu."

Shaame aliitikia kwa kichwa, akashuka na mkono wa chuma wa kustatia gari, akauzungusha mpaka Chongo akakohoa. Toka siku ile, kila akimpakia Bi Moza, husimama pale pale bondeni, husubiri, na Bi Moza humwambia tena, neno kwa neno, mpaka afike kwenye kicheko. Ndipo hutia gia.