Video ya Arusi Isiyo na Watu

Mjukuu wangu wa kike alipiga video siku ya kupamba, sherehe ya wanawake katika arusi ya binamu yake. Wanawake peke yao, mlango umefungwa, mabuibui yametundikwa. Kisha akajifungia na kompyuta, akikata na kuunga kama fundi wa cherehani. Mimi nikazunguka mtaa mzima nikijisifu.

Jirani yangu alikuwa na binti wa kuoza, na hakuwa ameamua amwite mpigaji wa Mombasa au ampe kazi mjukuu wangu. "Nataka kuiona kwanza," akasema. Nikawaalika wote kwangu baada ya alasiri, siku ya Ijumaa.

Kabla ya Ijumaa wakaanza kuja kwa mlango wa uani, mmoja mmoja. "Bi, mwambie anitoe. Nilikuwa kitwa wazi, mume wangu akiiona!" Wa pili alikuwa amevaa dhahabu ya wifi yake bila kumuuliza. Wa tatu alimwambia mkwewe anaumwa na miguu, na alicheza mpaka kiatu kikakatika. Hata jirani naye: "Mimi na binti yangu, tutoe." Kila mmoja akaniapisha nisiseme.

Mjukuu akanuna. "Bibi, sasa nibaki na nini?"

"Kata. Watu wana heshima zao."

Ijumaa sebule ikajaa. Flashi ikachomekwa kwenye ile tivii kubwa aliyoninunulia mwanangu. "Hii ni HD," akasema mjukuu, nami nikatikisa kichwa kama mtu anayejua.

Sambusa zikatokea, mafuta yanang'aa. Mikono ya hina. Asmini. Pazia. Miguu inacheza, haina mwenyewe. Bibi arusi, kisogo. Paka analamba sahani.

"Na miye ni wapi?" akauliza yule wa dhahabu ya kuazima.

"Nguo ile nimeshonesha Mombasa, haipo!" akadakia wa kiatu.

Wakanitazama kama nimewaibia. Ningesema nini, na nimeapa? Jirani akasonya. "Huyu hajui kupiga." Mjukuu akainamisha uso, mato yamemjaa machozi.

Hapo nikatokea mimi, tivii nzima. Nilikuwa nimewatetea wote nikajisahau. Nimesinzia kitini, mdomo wazi, meno mekundu kwa tambuu, udenda unashuka taratibu.

Sebule ikapasuka kwa vicheko.

"Bi! Hata ndevu za kidevuni zaonekana!"

"Rudisha, rudisha!"

Wakarudisha. Na kwa kucheka wakaanza kujitafuta: kiatu kile changu, mkono ule wangu, ona hina yangu ilivyokolea. Jirani akafuta machozi kwa mtandio, akaniinamia sikioni. "Kumbe alitutoa kweli. Huyo wa Mombasa, ningemwambiaje atutoe? Binti yangu atapigwa na huyu huyu."

Wakaondoka kila mmoja na nakala yake, wakisema kwa sauti kwamba video haikuwa na maana.

Tukiosha vikombe nikamwambia mjukuu, polepole, "Mama, pale niliposinzia, pakate."

Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Bibi, nikikutoa na wewe, atabaki paka."