Siku Niliyobadilisha Dawa za Doli na Kapteni

Kila tukikaa kusimuliana mambo ya zamani, hadithi hii huwa nairuka, na nyinyi mnadhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu, ni aibu. Lakini leo mmenibana, na chai bado iko, basi wacha niitoe tu, mcheke mkitaka.

Nilikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba moja la ngano nje kidogo ya Eldoret, upande wa mto Sosiani, miaka ile ya hamsini wakati Wazungu bado walidhani watakaa milele. Nilikuwa kijana wa misheni, najua kusoma na kuandika, na kwa sababu hiyo nilijiona nusu daktari (penseli haikutoka sikioni hata nikienda kuoga mtoni).

Farasi wangu walikuwa wawili. Doli, jike mwekundu, nilimpokea mikononi siku aliyozaliwa, na tangu hapo alinifuata kama mbwa. Kapteni alikuwa dume aliyehasiwa, mkubwa, mpole, hana makuu, na kusema kweli nilimpenda vile mtu anavyompenda shemeji. Asubuhi moja tukakuta mlango wa ghala umesukumwa na wote wawili wamekula ngano mpaka wakachoka. Sasa farasi si ng'ombe, nafaka ikimshinda tumboni, balaa inashukia miguuni. Kesho yake kwato zao zilikuwa moto kama sufuria, ukigusa juu ya kwato unasikia mshipa unapiga ngoma, na wote wameegemea nyuma kwa visigino, miguu ya mbele wameinyoosha, hawataki kusogea hata hatua moja.

Daktari wa mifugo akaja kutoka mjini, Mzungu mrefu wa maneno machache, Kiswahili chake kibovu lakini masikio yake makali. Akasema wote wasimame kwenye tope baridi nyuma ya banda na wale nyasi kavu tu, halafu akatoa makopo mawili. Moja lilikuwa na unga wa aspirini, ile ile mnayomeza kichwa kikiuma, ila kipimo cha farasi. La pili lilikuwa na vidonge vya dawa mpya kutoka Ulaya, ya kutuliza maumivu na uvimbe, jina lake refu la kuvunja ulimi. Alitaka kuona kwa macho yake ni ipi inasaidia zaidi.

"Doli napata aspirini, Kapteni napata hii mpya," akaniambia. "Asubuhi na jioni. Wewe andika: nalala, nasimama, natembea. Lakini hapana changanya."

"Ndiyo, Bwana Daktari," nikajibu, penseli tayari.

Jioni ile ile nikachanganya.

Doli alikuwa anaguna (farasi akiumwa sana huguna kama mzee anayeinuka kitini), shingo imelowa jasho, akanilazia kichwa begani, nami nikawaza, dawa imevuka bahari yote hiyo, halafu mimi nimpe huyu mtoto wangu aspirini? Mara moja tu, nikajiambia, apate kupumzika. Basi dawa mpya nikampa Doli ndani ya molasi tamu ya miwa, aspirini nikampa Kapteni, na kwenye daftari nikaandika vile nilivyoagizwa. Kesho yake Doli alikuwa na nafuu kidogo, na nani angekuwa na moyo wa kumrudisha nyuma? Ile mara moja ikawa siku ya pili, ya tatu, ya nne. Doli akaanza kutembea. Kapteni akawa anashinda amelala, akiinuka anatetemeka, na mimi naandika kwa mwandiko safi kabisa: Doli, aspirini, anatembea. Kapteni, dawa mpya, amelala.

Daktari akarudi, akasoma, akatikisa kichwa polepole. "Basi aspirini nashinda," akasema.

Akaniambia kwamba Jumamosi ataita wakulima wa jirani waje na masaisi wao waone, na mimi nitawatafsiria masaisi.

Mtu mwenye akili angesema ukweli hapo hapo, tukiwa wawili tu. Mimi nilifanya nini? Nilituma ujumbe kwa Mama Rebeka, mama ya msichana niliyetaka kumwoa, aje aone mkwe wake akisimama mbele ya Wazungu! Na kweli akaja, amevaa nguo ya kanisani, akakaa mbele kabisa.

Jumamosi uwanja wa banda ulijaa. Nikamtoa Doli, masikio juu, anatembea vizuri, na Kapteni anaonekana mlangoni amelala kwenye nyasi. Daktari akaeleza, nikatafsiri, mambo yakaenda. Halafu mkulima mmoja, Kaburu mwenye ndevu, akasema kwa Kiingereza kwamba farasi wake anaugua kwato hizo hizo, amempa dawa mpya tangu jana na ameanza kupata nafuu, lakini akifika nyumbani anaitupa yote shimoni, atampa aspirini.

Saisi wake, Mzee Kimaiyo, alikuwa amesimama karibu nami. "Amesema nini juu ya farasi wangu?" akaniuliza.

Nikaona Kapteni mwingine amelala kwenye banda la watu, kwa sababu ya penseli yangu. Basi nikajaribu kurekebisha mambo ndani ya tafsiri.

"Daktari anasema," nikatangaza, "dawa mpya ndiyo bora, msiiache!"

Daktari akageuka. "Barnaba. Mimi nasema hivyo?"

"Hapana, Bwana." Nikawarudia masaisi. "Anasema aspirini ni nzuri. Lakini ile mpya inaishinda."

"Barnaba!"

Masaisi wakaanza kuangaliana. Mzee Kimaiyo akaniinamia. "Kijana, achana na maneno ya Daktari. Mkono wako wewe ulimpa Doli dawa gani?"

Hapo Doli naye akainyofoa penseli sikioni mwangu, akaanza kuitafuna.

"Ile mpya," nikasema. "Nilibadilisha tangu siku ya kwanza."

Daktari akaniambia niseme tena kwa Kiingereza, wote wasikie. Kiingereza chote cha misheni kikanitoroka, na kumbe nimewaambia wakulima kwamba dawa nimekula mimi. Walicheka mpaka kofia zikaanguka. Memsabu mwenye shamba hakucheka, aliingia tu nyumbani. Mama Rebeka alikuwa anaangalia viatu vyake.

Daktari pia hakucheka. Alimwambia yule Kaburu asitupe kitu, halafu akachukua daftari, akapiga mstari kila ukurasa, taratibu, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hivyo dawa mpya ndiyo imeshinda?" Mzee Kimaiyo akamwuliza.

"Sijui. Hii farasi mbili tu. Pengine Kapteni nakula ngano mingi zaidi, pengine ni dawa." Akanitazama. "Mimi nataka jua. Sasa mimi hapana jua kitu."

Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Kapteni alianza kupewa dawa mpya saa ile ile. Baada ya siku tatu akasimama, lakini mfupa ulikuwa umeshashuka ndani ya kwato, na hakupandwa tena. Je, angepona kama angeipata mapema? Hata leo siwezi kuwaambia. Sikufukuzwa, ila nilinyang'anywa daftari na makopo nikapewa uma wa kuzolea samadi, na Mama Rebeka alipofika getini akaniambia, "Barnaba, nimeona una huruma. Lakini huruma yako inachagua, halafu inaandika uongo. Binti yangu atangoja kidogo." Alinifanya ningoje mwaka mzima.

Nikaapa, na kiapo hicho sijakivunja, kwamba sitaandika tena jambo ambalo mkono wangu haukulifanya. Kicheko cha watu kiliisha jioni ile. Lakini kila nilipompelekea Kapteni nyasi malishoni, alikuwa akiniona kwa mbali, anakuja akichechemea, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, mpaka anifikie aniingizie pua kwapani kwa furaha, kana kwamba mimi ndiye mtu mwema kuliko wote pale shambani. Na mimi nilikuwa nasimama tu, namngoja afike.