Tulivyopakiwa Badala ya Mchanga

Wazungu wa reli walijenga banda karibu na stesheni ya Ruiru, la kujaribia mabehewa mapya. Waliyakimbiza mpaka Thika na kuyarudisha, waone kama breki zinashika behewa likijaa watu. Wangeweza kupakia magunia ya mchanga, lakini magunia, walisema, yangechafua viti. Basi wakatuchukua sisi, wachuma kahawa wa upande wa Gitothua. Hiyo ndiyo akili iliyotutawala.

Nilikwenda mbio kuliko wote. Mwanangu alikuwa na homa kali, hospitali iko Thika, na wakati ule wa Hali ya Hatari Mkikuyu haendi popote bila pasi ya serikali. Nyapara wetu alininyima pasi, akisema homa ya mtoto ni uvivu wa mama. Nikajiambia, treni ikifika Thika nitashuka. Nikapimwa kwenye mizani ya kahawa, mtoto mgongoni, nikapanda.

Tulifika Thika, milango ikabaki imefungwa kwa nje. Nyapara, aliyesafiri nyuma pamoja na wazungu, akaja dirishani ametanguliza tumbo.

"Hakuna mtu anashuka. Bwana anasema uzito isipungue."

"Mtoto anaungua, baba."

"Ataungua hata Ruiru."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na yule alikuwa ameshiba mpaka shingoni. Nilimchukia hata mate yakawa machungu mdomoni. Nikapiga nduru, na wenzangu wote wakapiga. Injinia mzungu akaja amekunja uso.

"Mama huyu nataka nini?"

"Hospitali, bwana! Mtoto anakufa!"

Hakumtazama mtoto hata mara moja. Alitazama karatasi yake ya uzito.

"Sawa. Lete mutu ingine. Zito kama hii."

Mikono ya wanawake ikatoka madirishani, yote ikimwonyesha mtu mmoja.

"Haiya! Mimi ni nyapara, bwana!" akalia.

"Ingia."

Niliposhuka, askari wa stesheni hakuniuliza pasi. Alidhani nimetumwa na mzungu, na kwake hilo lilitosha. Mtoto alichomwa sindano siku hiyohiyo, akapona.

Nyapara alizungushwa kati ya Thika na Ruiru mpaka jua likazama, ameketi katikati ya wanawake waliokuwa wakimcheka. Nilimjua mtu yule miaka mingi, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyosikia ameifanya sawasawa.