Ndege Iliyoomba Giza

Nilipokuwa mwalimu niliweza kumjua mtoto mwongo kwa namna alivyokuwa akishikashika kifungo cha shati. Sijivunii, ndivyo nilivyoumbwa. Nilipostaafu, wakulima wa kiwanda chetu cha kahawa, juu kidogo ya soko la Kianjokoma, walinipa ukatibu na usimamizi wa ulinzi kwa sababu hiyo hiyo. Walisema wanataka mtu ambaye hadanganyiki. Nikakubali kabla hawajamaliza kuniomba.

Msimu ule wezi wa kahawa walikuwa wamekolea. Kwenye kiwanda jirani walitumia ujanja mmoja tu: mtu alipiga simu akijidai fundi wa stima, akaomba swichi kuu izimwe kidogo kwa sababu waya umeanguka barabarani. Mlinzi akazima. Lori likaingia gizani, na kulipokucha stoo ilikuwa imefagiliwa.

Nikaapa kwamba kwetu stima haitazimwa kwa simu. Niliisumbua kamati mpaka ikanunua balbu kubwa, tukazifunga juu ya nguzo, safu mbili kando ya meza za kuanikia kahawa, kutoka langoni hadi karibu na mto. Nguzo nilizipanga mwenyewe kwa kamba, vile nilivyokuwa nikipima uwanja wa riadha shuleni. Zilinyooka hata watu wakawa wanasimama barabarani kuzitazama.

Ng'ambo ya bonde kuna kiwanja cha ndege cha nyasi. Hakina taa, na siku nyingi ni ng'ombe wanaokitumia. Ndege ndogo hutua mara chache, tena mchana. Jioni moja, jua likiwa limeshazama, mimi na mlinzi tulikuwa tukifunika kahawa kwa nailoni tuliposikia mngurumo. Ndege ikatokea upande wa mlima, ikatuzunguka, ikaenda, ikarudi.

"Hiyo inatafuta nini?" mlinzi akauliza.

"Inahesabu meza zetu," nikamwambia.

Simu ya kiwanda ikalia. Namba yake imeandikwa langoni kwa rangi, na mwizi yeyote anayejua kusoma anaweza kuinakili.

"Madam, mimi ni ule mtu huangalia kiwanja ya ndege hapa ng'ambo. Tafadhali zimeni stima kidogo, dakika kumi tu."

Dalili ya mvua ni mawingu. Moyo ulinidunda, na nakiri haikuwa hofu, ilikuwa furaha. Nilijua nimewanasa.

"Kwa nini nizime?"

"Rubani anaona hizo laini zenu mbili, anadhani ndiyo kiwanja. Sisi tumeweka magari sita hapa, tumewasha taa, lakini zenu ndizo ziko straight. Tuko na mgonjwa, madam. Mti imemwangukia, mguu imeharibika, na damu imekataa kusimama."

"Mgonjwa gani?"

Akanitajia jina. Lilikuwa la mkulima wetu, mtu niliyempokea kahawa yake wiki hiyo hiyo. Hapo ndipo shaka yangu ilipokomaa. Mwizi mwenye akili, nilijiambia, lazima aje na jina unalolijua.

"Na tangu lini mkulima wa hapa akabebwa na ndege?"

"Ni msichana yake ako kazi Nairobi. Alimwekea bima. Aki madam, niamini."

"Mwambie rubani aje mchana," nikasema, nikakata.

Nilipogeuka, mlinzi alikuwa amesogea karibu na swichi kuu. "Si tuzime tu, madam? Dakika kumi ni nini?"

Nilimtazama kuanzia viatu hadi kofia. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka minne bila neno, lakini kikulacho ki nguoni mwako. Nikaenda nikasimama mbele ya ile swichi, mgongo ukiigusa.

"Wezi wako na ndege, madam?" akauliza taratibu.

"Siku hizi mwizi ana kila kitu."

Ndege ilirudi ikiwa chini sana. Ilishuka ikifuata balbu zangu mpaka nikaona magurudumu, na upepo wake ukazing'oa nailoni mezani. Kisha injini ikapiga kelele, ikainuka, ikaikosa miti ya mikima iliyo upande wa mto kwa kimo ambacho sipendi kukifikiria. Simu ikalia tena. Yule mtu sasa alikuwa analia.

"Namwambia rubani kwa redio hapo si kiwanja, lakini ni zenu tu anaona. Anasema mawingu inashuka. Anajaribu mara moja ya mwisho, halafu anarudi Nairobi."

Niliibana simu sikioni, nikisikiliza kama nyuma yake kuna mngurumo wa lori. Ndege ilipita mara ya tatu, juu zaidi, halafu sauti yake ikaelekea kusini na kupotea. Lori halikuja. Usiku huo nililala usingizi mzuri.

Asubuhi, kwenye foleni ya maziwa, nikasikia. Mkulima wetu alikuwa akiangusha mti wa mukima shambani kwake, ukamwangukia. Alipelekwa Nairobi kwa gari, akafika amechelewa, wakamkata mguu juu ya goti. Daktari alisema angefika jioni ile labda wangeuokoa.

Hata hapo bado nilishuku. Siku chache baadaye nilivuka bonde jioni kwenda kuhakikisha kama yule mtu wa simu alinidanganya. Nilitamani sana awe mwongo. Nilimkuta, mtu wa makamo aliyevaa koti la mvua, na hakunilaumu. Alinipeleka katikati ya kiwanja tukangoja giza. Sikuona mwinuko wala shimo, na ng'ombe aliyekuwa hatua chache kutoka kwangu nilimjua alipopumua. Ng'ambo, balbu zangu zikawaka.

"Rubani usiku haoni ardhi," akasema. "Anaona stima peke yake. Hata mimi ningetua kwako, madam."

Nilimsihi asimwambie mtu. Nilisihi kweli, mtu mzima wa umri wangu.

"Mimi sitasema," akajibu. "Hiyo ni yako ya kusema."

Mkutano mkuu ulifanyika Januari, chini ya turubai, na nilikuwa nimeamua kusema. Niliiweka habari hiyo mwishoni, kwenye mengineyo. Lakini uchaguzi ulitangulia, na kabla ya kura yule mkulima akainuka kwa magongo yake akaomba nafasi.

"Nitaongea kidogo," akasema. "Ile jioni nilikuwa nimelalishwa kwa nyasi nikingojea ndege, ikashindwa kutua. Hiyo ni ya Mungu. Lakini nilikuwa naona stima ya kiwanda yetu ng'ambo, nikasema, heri, hata mguu ikienda, kahawa yangu iko salama. Ni madam aliweka hiyo stima. Mimi napendekeza aendelee."

Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Nilijaribu kufungua mdomo, nikaishia kunywa maji. Mwenyekiti akawataka wanaoniunga mkono wainue mikono, na yule mkulima akawa wa kwanza, gongo moja likimponyoka alipouinua mkono wake. Turubai lote likajaa mikono. Mwenyekiti akanigeukia akicheka, akasema hata katibu ni mwanachama, anaruhusiwa kupiga kura.

Nikainua wangu.