Mabati ya Mama Lugano

Lugano alifia njiani. Walikuwa wanamteremsha kwenda hospitali Same, mtoto mgongoni kwa mama yake, homa kali, na kabla hawajafika barabarani shingo ikalegea. Kwa hiyo kijiji kilipokubaliana kujenga zahanati huko juu mlimani, wakati ule wa vijiji vya ujamaa, mama yake, Ernesta, ndiye aliyesimama wa kwanza mkutanoni akasema atabeba.

Cha kubeba kilikuwa mabati. Lori liliyashusha Maore, huku chini, maana gari halipandi. Kutoka hapo ni kichwani, mlima mtupu. Wanawake walipandisha safari moja, kesho yake wakapumzika. Ernesta naye alianza hivyo hivyo. Kisha Benedikto, balozi wa nyumba kumi, akamletea mirungi, vichipukizi vyekundu kutoka ukingoni mwa shamba lake, vimefungwa kwa jani la mgomba.

"Tafuna hii, dada. Mlima utakuwa tambarare."

Na kweli ukawa. Alitafuna, akameza yale maji machungu, akapandisha mabati asubuhi, mchana akarudi kuchukua mengine. Watu wakamwita Lori. Benedikto akamtaja mkutanoni, akawaambia wanaume waone haya.

Nyumbani mumewe, Melkizedeki, aliona mengine. Ugali Ernesta aliupika mwenyewe, hakuugusa, njaa hana. Kinywa kikavu, macho yamemtoka. Jioni anaongea bila kituo: zahanati itakuwa na vitanda, itakuwa na dawa ya homa, yeye mwenyewe ataifagia. Akilala anageukageuka tu, usingizi hauji. Asubuhi, kabla ya majani, alikuwa mtu mwingine. Mzito, mkali, anagombana hata na mbuzi, anadhani wanawake wa mferejini wanamsema. Akishatafuna, anacheka. Gauni likaanza kumpwaya. Siku moja alimshika mumewe mkono, akauweka kifuani pake. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kama wa kuku aliyekamatwa.

"Pumzika, mama Lugano," Melkizedeki akamwambia.

"Sijachoka."

"Mtu abebe hivyo asichoke?"

"Nikichoka nitakwambia. Yamebaki machache tu."

Hakusema uongo. Uchovu ulikuwamo mwilini, ila majani yalikuwa yameuziba mdomo.

Akaanguka kwenye kona ya juu ya mto, mabati kichwani, kifungu cha mirungi kwenye pindo la kanga. Wenzake walidhani ameteleza. Walipomgeuza, shavu bado limejaa majani. Wakaanza kumteremsha kwenda Same, njia ileile ya Lugano. Hawakufika mbali.

Mazishini Benedikto alisimama, akaongea vizuri. Akasema ndugu yetu huyu alikuwa mama asiyejua kuchoka. Watu wakaguna kukubali. Melkizedeki hakuwa msemaji, lakini hapo aliinua kichwa.

"Alichoka, balozi. Wewe ulimnyima kujua tu."

Benedikto akaangalia udongo.

Baada ya matanga Melkizedeki alikwenda kwenye ile kona. Mabati yalikuwa pale pale, matatu, yameegemezwa kwenye jiwe. Hakuna aliyetaka kuyagusa. Akajitwika. Mbele kidogo akamkuta Anaeli, aliyekuwa akibeba pamoja na marehemu, amekaa kupumzika, shavu limevimba. Akamnyooshea kifungu.

"Chukua kidogo, shemeji. Hivyo hutafika."

Melkizedeki akakataa, akapita. Alipanda akitua kila kona. Shingo ilimwaka, magoti yakatetemeka, njaa ikamkata tumbo. Aliacha vyote vimuume. Alipoyatua kwenye msingi, jua lilikuwa limekwishazama, na fundi alikuwa anakusanya vyombo vyake. Akamuuliza mbona amechukua siku nzima kwa mabati matatu, wakati mkewe alikuwa anapanda na kushuka mara mbili.

"Ni mazito," Melkizedeki akasema.