Dawa ya Mheshimiwa

Mtaani walimwita Kiberiti, na si kwa sababu ya umbo. Umbo lake lilikuwa la mtu anayeinua makochi, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuyavua makochi vitambaa vilivyochakaa, kubadilisha sponji, na kuyavisha upya. Jina alilipata kwa kuwaka. Mteja akichelewa kufuata kiti chake, anawaka. Muuza vitambaa akimpunja, anawaka mpaka majirani wanatoka nje kuangalia ni nani leo. Waliomfahamu walikuwa na ujanja mmoja tu. Habari mbaya walimpelekea akiwa katikati ya kazi, mdomo umejaa misumari midogo, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuibana kwa midomo na kuitoa mmojammoja kuipigilia kwenye mbao. Mume wake alimweleza hivyohivyo kwamba amepoteza simu, na msumari wa mwisho ulipotoka mdomoni, mwanamume alikuwa ameshakata kona.

Mtu mmoja tu aliweza kumshusha sauti, naye ni mama yake. Mama aliishi peke yake mtaa wa pili, chumba, sebule na jiko dogo la nyuma, na aliishi hivyo kwa sababu ndivyo alivyotaka. Alipika mwenyewe, alifua mwenyewe, vidonge vyake vya presha alivipanga mwenyewe, na ole wake aliyejaribu kumsaidia bila kuombwa. Mwenzake pale nyumbani alikuwa sungura mweupe, mnene, ambaye familia ilimpa cheo cha Mheshimiwa. Alistahili. Akishiba alilala, akiamka alidai, na tangu aingie nyumba ile hakuwahi kumfanyia mtu yeyote kazi yoyote.

Siku moja jino la Mheshimiwa likarefuka, likapinda, likaanza kumchoma shavu. Mama akamtia kwenye kikapu, akampeleka kliniki ya wanyama. Daktari akalikata jino. Mtoa dawa, bwana mmoja mpole aliyening'iniza miwani shingoni, akamkabidhi mama chupa ya dawa ya maumivu na bomba la sindano lisilo na sindano, la kumdondoshea mgonjwa mdomoni. Namba za kwenye bomba zilikuwa ndogo, kwa hiyo akafanya alichozoea kuwafanyia wazee wote: akachukua kalamu ya wino mzito, akachora mstari mweusi ubavuni mwa bomba.

"Vuta dawa mpaka hapa, mama. Usipite."

Mama hakupita. Kesho yake asubuhi Mheshimiwa alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa, macho hayafungiki wala hayafunguki, pumzi ya kutafuta. Mama akamwita binti yake, wakakimbia wote wawili kliniki. Daktari alihangaika na yule sungura nusu ya asubuhi. Alipotoka, chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa watu na mbwa wao, paka wao, na mama mmoja na kuku wake, na daktari hakushusha sauti hata kidogo.

"Sungura atapona. Ila bibi amezidisha dawa, tena vibaya sana. Jamani, wazee msiwaachie kazi ya kupima dawa. Macho yameshachoka."

"Mimi nimepima mpaka kwenye mstari," mama akasema.

"Mama, tafadhali," Kiberiti akamwambia, huku akiona aibu mbele ya wale watu, "usibishane na daktari."

Mama akanyamaza. Na huko kunyamaza ndiko kulikomponza, kwa sababu baada ya hapo kila mtu alijifanya mwenye akili kuliko yeye. Kiberiti akavichukua vidonge vya presha, akavihifadhi kwake, akawa anamletea mama kila asubuhi kama mlinzi wa gereza. Dawa ya Mheshimiwa nayo akaanza kumpa yeye mwenyewe, kwa bomba jipya alilopewa kliniki. Kaka yake, mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitafuta sababu, akaipata.

"Leo sungura, kesho atajizidishia yeye mwenyewe," alisema. "Mama anahamia kwangu. Atalala na watoto, na nyumba tutaipangisha."

Wote walitarajia mama atawaka. Huo moto wa Kiberiti ulitoka wapi kama si kwake? Lakini mama aliitikia tu kwa kichwa. Akaacha kupika. Ukimuuliza kwa nini, anajibu, "Msije mkasema nimezidisha chumvi." Chai alingoja amiminiwe. Mama yule aliyekuwa akimfukuza mtu jikoni kwa mwiko, sasa alikaa na mikono mapajani, anangoja kuelekezwa. Watoto wake wakaambiana kwamba amekubali, na wakafurahi kwamba hakuna ugomvi. Watu wazima kabisa, na hawakuona.

Siku ya kuhama Kiberiti aliwahi mapema kufunga vyombo. Akakusanya kila kilichokuwa kwenye droo ya jikoni, akakitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni, na humo ndani yakaibuka mabomba mawili: lile la kwanza la mama, na lile jipya alilokuwa akilitumia yeye. Yote mawili yalikuwa na mstari mweusi wa kalamu ileile, mahali palepale, juu kidogo ya katikati. Ila moja lilikuwa jembamba kama penseli na jingine nene kama kidole gumba.

Akalitazama lile nene. Siku zote lilikuwepo, na yeye alikuwa amevaa miwani ya mbao, haoni. Akavuta maji kwa jembamba mpaka kwenye mstari, akayamimina ndani ya nene. Yakafunika kitako tu. Akavuta tena, akamimina tena. Akaendelea kuvuta na kumimina, na ule mstari wa kwenye bomba nene ulikuwa bado uko juu kabisa, unamngoja.

Damu ikamchemka. Mama yake alikuwa ameangushiwa jumba bovu, na waliomwangushia walikuwa wakiendelea kupokea wagonjwa kama kawaida! Akatoka na aproni iliyolowa, mabomba mkononi, akampita mama sebuleni bila kusema neno. Mlangoni akagongana na kaka yake, aliyekuja na spana ya kufungulia kitanda.

"Usifungue hata nati moja mpaka nirudi!"

"Wewe nani wa kunipa amri?" kaka akauliza, na kwa kuwa alikuwa mkubwa, akaingia chumbani kuanza kufungua.

Pale kliniki, dada wa mapokezi alimpokea kwa tabasamu la kazini. "Karibu, dada. Una miadi?"

"Sina miadi. Nina mabomba mawili. Niitie daktari."

"Daktari ana mgonjwa."

"Mwambie ni yule wa sungura, na sijaja kumpa mkono."

Sauti hiyo ilitosha. Daktari alitoka huku akifuta mikono, akaangalia aproni, akaangalia watu waliokuwa wakingoja, akachagua upole. "Dada, twende ofisini, tuzungumze kwa utulivu."

"Ofisini kufanya nini? Mama yangu ulimsemea hapahapa, mbele ya watu na kuku wao. Na mimi nitasemea hapahapa."

Akaomba maji kwenye kikombe. Hakuna aliyethubutu kumnyima. Akaonyesha mezani pa mapokezi alichokiona jikoni: akavuta, akamimina, akavuta, akamimina, na kila akimimina alimwinulia daktari bomba usoni. Watu wakasogea. Bwana mmoja mwenye mbwa mkubwa akasema, "Loh!" kabla hata hajaulizwa.

Daktari akamwita mtoa dawa. Yule bwana mpole akavaa miwani, akayatazama mabomba, akayageuza, uso ukamshuka.

"Siku ile mabomba madogo yalikuwa yamekwisha," akasema polepole. "Nikachukua la mbwa. Mkono ukachora pale ulipozoea kuchora. Ni mimi, daktari."

Huyo angalau alikuwa mtu. Daktari akakohoa. "Ni bahati mbaya, kweli. Lakini dada, namba zilikuwepo kwenye bomba. Mtu angezisoma, angeona kwamba..."

"Mlichora mstari ili asisumbuke na namba!" Kiberiti akapiga meza, kikombe kikaruka. "Mlimwambia fuata mstari. Akafuata. Sasa kosa lake ni kuwasikiliza?"

"Nimekuelewa. Nitasahihisha kwenye faili la sungura, na matibabu yake yaliyobaki yatakuwa bure."

"Faili halihami nyumba leo, daktari! Anayehama ni mama yangu. Kitanda chake kinafunguliwa saa hii kwa maneno yako. Amenyang'anywa jiko lake, amenyang'anywa dawa zake, ameanza kukaa kama mtoto wa kulishwa, kwa maneno yako. Njoo uyatoe mwenyewe ulipoyaweka."

"Nitampigia simu."

"Ulimpigia simu ulipomwita kipofu?"

Daktari naye alikuwa na damu, na ilikuwa imeshapanda. "Na wewe ulikuwa umesimama hapohapo," akamwambia. "Ni wewe uliyemwambia asibishane na mimi. Mbona siku ile hukuwa na makelele?"

Neno hilo lilimchoma Kiberiti, likamchoma mahali pasipo na sponji. Na kwa kuwa lilimchoma, akapaza sauti zaidi. Akamwambia daktari kwamba koti jeupe si leseni ya kuwasingizia wazee wa watu, kwamba angekuwa mwanamume angekuwa ameshavaa viatu vya kutokea, kwamba yeye haondoki, atakaa mlangoni na kila anayeingia na mnyama atamsimulia hadithi hii tangu mwanzo mpaka mwisho. Mwenye mbwa akasema, "Nenda tu, daktari, bibi wa watu anahama." Mbwa wake akabweka. Hata dada wa mapokezi aliangalia pembeni.

Daktari akaenda. Aliongozana na Kiberiti mtaa hadi mtaa, koti jeupe hadharani, na njia nzima alipashwa bila kituo. Mtoa dawa aliwafuata nyuma. Hakuna aliyemwambia aje, na hilo tumhesabie.

Nyumbani, mbao za kitanda zilikuwa zimeshaegemezwa ukutani na godoro limefungwa kamba. Mama alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, mfuko wa nguo miguuni, Mheshimiwa mapajani anatafuna jani la kabichi kama mtu asiye na kesi. Kaka akatokea chumbani na spana, akaona koti, akasimama.

"Shikamoo, mama," daktari akasema, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mama.

"Marahaba."

"Nimekuja kukwambia kwamba wewe ulipima sawasawa. Bomba tulilokupa lilikuwa kubwa mno na mstari ulichorwa mahali pasipo pake. Kosa ni la kwetu, na mimi nikakutupia wewe mbele za watu. Naomba unisamehe."

"Aliyechora ni mimi, mama," mtoa dawa akaongeza akiwa mlangoni. "Unisamehe sana."

Mama alimpapasa sungura sikio moja, kisha la pili. "Nimesikia. Nimewasamehe wote wawili. Kuhusu Mheshimiwa, hayo mtamalizana naye." Kisha akamgeukia mwanawe wa kiume. "Rudisha kitanda changu."

"Mama, hata hivyo si bora..."

"Kitanda."

Kaka akarudi chumbani, spana ikaanza kulia.

Kiberiti alikuwa amesimama mikono kiunoni, jasho linamtoka, ameshinda. "Umeona, mama? Nimewaleta! Nimewapa ukweli wao, mtaa mzima umesikia!"

Mama akamwangalia, na kwa mara ya kwanza tangu Mheshimiwa augue, macho yake yalikuwa na ule moto wa zamani.

"Daktari hajui lolote kuhusu mimi," akasema. "Ameona mwanamke mzee na kikapu, akadhani anachodhani. Wewe nimekuzaa. Ulipokuwa ukiumwa, dawa zako nilizipima mimi, na uko hai hapo unapiga kelele. Nilisema nimepima mpaka kwenye mstari. Nilisema mara moja, kwa sauti, ukiwa kando yangu."

"Lakini mama, si mimi ndiye niliyekwenda kule, nika..."

"Umekwenda baada ya bomba kukwambia. Bomba umeliamini siku hiyohiyo. Mimi hukuniamini."

Kiberiti akatafuta mtu wa kumkasirikia. Daktari alikuwa anasoma sakafu. Mtoa dawa alikuwa anafuta miwani. Chumbani spana ilikuwa imenyamaza, maana kaka alikuwa anasikiliza na yeye. Hakubaki mtu mwingine pale, ila yeye mwenyewe.

"Nisamehe, mama," akasema, na sauti ilitoka ndogo, ya kumezea.

"Sijasikia," mama akasema. "Kule kliniki ulizungumza hivyo? Huyu umemtoa kazini kwake, umemtembeza barabarani aje aseme mbele za watu. Mimi unaninong'oneza?"

Machozi yakamtoka Kiberiti bila kumwomba ruhusa. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, akasema kwa sauti ileile aliyomtolea daktari, mbele ya daktari, mbele ya kaka yake, na dirisha liko wazi:

"Mama, nisamehe! Ulisema kweli, na mimi sikukuamini!"