Folda Iliyoitwa Mama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa kijana mwenye kiherehere, nilifuta sauti ya mama wa mtu kabla hata chai yangu haijapoa.

Nilikuwa na kibarua kwenye ofisi moja ya kompyuta pale Kilosa mjini, nikihamishia sauti za kaseti za watu kwenye kompyuta. Mzee Yohana alitoka kijijini Malolo na kaseti moja: marehemu mama yake akiimba. Nilimuuliza folda tuiiteje.

"Andika Mama," akasema. "Jina lake mimi silitaji."

Ndivyo alivyolelewa, mzazi haitwi kwa jina, hata kwenye mashine. Nikaandika Mama. Kanda ilikuwa imechakaa. Ilicheza mara moja tu, nikainasa sauti, kisha ikakatikakatika.

Nilikuwa pia na folda ya kujaribia, nikaiita Mama jaribio, maneno mawili yenye nafasi katikati. Siku ya kusafisha nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaandika amri ya kufuta, kisha Mama jaribio, bila alama za kunukuu. Kompyuta ikaona vitu viwili. Ikaifuta Mama kimya kimya, halafu ikalalamika kwamba jaribio haipo. Nikacheka, mjinga mimi, mpaka nilipoitafuta folda ya Mama nikaikosa.

Nakala nyingine haikuwepo. Bosi wangu, Dada Semeni, hakunifokea. "Nenda ukamwambie mwenyewe," akasema.

Nilipanda basi la Malolo kupitia Mikumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikamweleza yote. Akasema, "Mimi sauti yake ninayo kichwani. Wajukuu zangu ndio hawakuwahi kumsikia."

Aliniletea maji ya kunywa. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaizoea.

Basi, mwanangu, jina lenye nafasi au alama ngeni lifungie ndani ya alama za kunukuu. Likianza na kistari, litangulizie nukta na mkwaju, ule mstari wa kuinama (./), la sivyo kompyuta italidhani ni sehemu ya amri. Kabla ya kufuta, toa kwanza amri ya kuorodhesha kwa jina lilelile, usome kinachotokea. Na nakala iwe imekaa kwingine kabla hujagusa kitu. Kompyuta haijui Mama ni nani, wewe unajua.

Mungu akupe mikono isiyo na pupa, na wajukuu zako waje waisikie sauti yako.